Afya Nyumbani: Udenda wa Mtu Mzima, na Dawa Zitumikazo

Mwezi uliopita tuliahidi kusema habari za visima na maji ya kunywa. Lakini imetufikia barua isiyofaa kungojeshwa; basi visima na vikae kidogo, tuijibu kwanza barua hii.

Imetoka kwa mama mmoja, mke wa mwalimu. Asema kwamba baba mkwe wake, mzee wa miaka 70 na zaidi, hutokwa na udenda mchana na usiku. Mto hulowa, shati hulowa, na wajukuu wameanza kucheka. Jirani amemwambia ya kuwa iko dawa ya macho ambayo ikitiwa chini ya ulimi hukausha mate siku ile ile. Mama huyu auliza mambo mawili: Je, ni kweli? Na kama ni kweli, atie matone mangapi?

Kwa swali la kwanza jibu ni fupi: ni kweli, dawa hiyo ipo, tena si hiyo peke yake. Lakini swali la pili limetutia hofu, maana sisi wenyewe tuliwahi kuulizwa swali hilo hilo, tukalijibu vibaya. Afadhali tuwasimulie kosa letu kuliko kuona nyumba nyingine inalirudia.

KOSA LETU

Katika mtaa wetu yuko mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, ambaye ndiye aliyetufundisha sisi kusoma. Miaka michache iliyopita mkono wake wa kuume ulianza kutetemeka. Hatua zake zikawa fupi, sauti ikapungua, na uso wake ukawa kama wa mtu asiye na furaha wala huzuni. Kisha mate yakaanza kumtoka pembeni mwa kinywa. Naye alikuwa mtu nadhifu sana; tangu ujana wake hakuonekana bila shati jeupe lililopigwa pasi.

Alianza kula peke yake chumbani. Halafu akaacha kuja kanisani, na alipoulizwa akajibu ya kwamba magoti yamuuma. Sisi tulijua si magoti. Tulipokwenda kumwamkia alifunika kinywa kwa leso, akasema: "Mwanangu, nimefundisha watoto wengi kufuta ubao, leo kinywa changu mwenyewe sijui kukifuta." Tukarudi nyumbani tumehuzunika, na huzuni ile ikatuharakisha.

Tulikuwa tumesikia kwa mtu, naye alisikia kwa mwingine, habari ya matone ya atropini. Tukamwambia mkwewe, yule mke wa mwanawe anayemtunza, akayanunue. Hatukuuliza kama mzee hupata mkojo vizuri. Hatukuuliza ni dawa gani nyingine anazokunywa. Na juu ya kipimo tulisema "matone machache" tu. Mama yule, kwa jinsi anavyompenda mkwewe, akaona machache ni 3, asubuhi, mchana na jioni.

Siku ya kwanza mate yalikauka, nyumba ikafurahi, nasi tukajisifu moyoni. Siku ya tatu mzee akaanza kuzungumza na mkewe aliyefariki zamani, huku mikono yake ikiokota vitu hewani. Tumbo lake la chini lilivimba likawa gumu, maana tangu jana yake hakupata mkojo hata kidogo. Wako waliosema ni pepo, na wako waliotaja jina la jirani kuwa amemloga. Haikuwa pepo wala uchawi. Ilikuwa ni dawa yetu.

Hospitalini walipitisha mpira wa mkojo, ikatoka zaidi ya lita 1. Matone yakasimamishwa, na baada ya siku 2 akili yake ikamrudia. Daktari alikuwa kijana wa kike, wa umri wa binti yetu, wala hakutugombeza. Alichukua karatasi akaandika hesabu mbele yetu: tone moja la dawa ile, yenye nguvu ya asilimia 1, lina karibu nusu miligramu ya atropini, matone 3 mara 3 ni matone 9, matone 9 ni miligramu 4 na nusu kwa siku. "Mwalimu," akasema, "tone moja tu ni kadiri ya kipimo tunachoweza kukipiga kwa sindano kwa mgonjwa aliyelala hapa, huku tukiuangalia moyo wake. Ninyi mlimpa mzee tisa kila siku, wala hapakuwa na wa kumwangalia."

Tuliona haya. Mengi ya haya tunayowaandikia leo tuliyapata kwake, na mengine katika vitabu tulivyovisoma baadaye, kwa kuwa haya hiyo haikutuacha upesi.

MATE NI KITU CHA KAZI

Watu wengi hudhani mate ni uchafu. Sivyo. Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kadiri ya nusu lita hata lita moja na nusu kila siku, na karibu yote ni maji. Yatoka katika tezi kubwa jozi 3: mbili ziko mbele ya masikio, mbili chini ya taya, na mbili chini ya ulimi, tena ziko tezi ndogo mamia zilizotawanyika kinywani. Tukiwa tumetulia bila kula, mate mengi zaidi hutoka katika zile za chini ya taya; tukianza kutafuna, zile za masikioni huamka na kuongeza kazi yao.

Mate hulainisha chakula, huanza kuyeyusha wanga, huosha meno na kuyalinda yasioze, na huzuia vijidudu visizidi kinywani. Kwa hiyo mtu asifikiri ya kwamba kukausha mate yote ndiko kupona. Kinywa kikavu kabisa ni ugonjwa mwingine: meno huoza upesi, ulimi hupasuka, chakula hakimezeki, na maneno huwa mazito.

Tena lipo jambo moja ambalo daktari alitaka tulishike kuliko yote. Wengi wa watu wazima watokwao na udenda hawatoi mate kuliko wewe na sisi. Hawamezi. Mtu mzima humeza mate yake mara nyingi kila saa bila kuwaza; lakini ugonjwa ukiharibu mishipa ya fahamu au misuli ya kinywa na koo, kumeza kwenyewe huchelewa, mate hujaa, kisha humwagika. Daktari James Parkinson wa London, aliyeandika mwaka 1817 juu ya ugonjwa wa kutetemeka, aliona mate yakiwatoka wagonjwa wake. Na ugonjwa huo hata leo huitwa kwa jina lake. Ndio uliompata mwalimu wetu.

Wala mate yamwagikayo nje siyo mabaya kupita yote. Mabaya zaidi ni yale yatiririkayo ndani, yakaingia njia ya pumzi badala ya njia ya chakula. Mgonjwa hukohoa akila au akilala, kisha hushikwa na homa ya mapafu. Basi mzee wako akitokwa na udenda, usiangalie shati lake tu. Sikiliza na kikohozi chake.

ASILI YAKE NI NYINGI

Zaidi ya ugonjwa wa Parkinson, udenda hufuata kiharusi; hufuata magonjwa yanayodhoofisha misuli ya koo na ulimi; na huwapata watu walioumia ubongo tangu kuzaliwa. Tena meno mabovu, vidonda vya kinywa, kiungulia kikali, au meno ya bandia yaliyotiwa karibuni huweza kuongeza mate.

Dawa nazo zaweza kuleta udenda. Katika zile zinazotumika kwa magonjwa ya akili, klozapini yajulikana sana kwa kulowesha mto wa mgonjwa usiku. Na haloperidoli yaweza kukaza misuli hata kumeza kukawa kugumu. Nyumba yenye mgonjwa wa namna hii isimkatishe dawa kwa sababu ya udenda. Ugonjwa wa akili ukirudi ni msiba mkubwa kuliko mto uliolowa. Arudi kwa daktari aliyempa dawa. Huenda akapunguza kipimo, au akabadili saa ya kunywa.

Kadhalika wako akina mama ambao mimba ikianza mate huwajaa, hata hutembea na kopo la kutemea. Hayo mara nyingi hupungua kadiri miezi iendeleavyo, na mengine hukoma mtoto azaliwapo. Mama huyo asinywe dawa za kukaushia mate kwa shauri lake mwenyewe wala kwa shauri la jirani. Anywe maji kidogo kidogo, ale kidogo mara nyingi, na aseme habari hiyo kliniki, hasa kama anatapika sana au anakonda.

MATE YASIYONGOJA KESHO

Ziko hali 4 ambazo hazina mashauri ya nyumbani. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

Kwanza, mate yakianza kumtoka mtu ghafula upande mmoja, na mdomo umepinda, au mkono umelegea, au maneno hayatoki sawasawa. Hicho huenda kikawa kiharusi. Asipewe chakula wala maji, maana huenda hawezi kumeza.

Pili, mtu ashindwapo kumeza hata mate yake, kwa uvimbe wa koo, au homa kali, au mfupa uliokwama. Huyo njia yake ya pumzi i hatarini.

Tatu, mtu aliyenyunyizia shamba dawa ya wadudu, au aliyeinywa, akaanza kutokwa na mate, machozi na jasho kwa pamoja, mboni za macho zikawa ndogo, akatapika na kuhema kwa shida. Hiyo ni sumu. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa maji na sabuni, nanyi mjilinde msishike sumu hiyo kwa mikono mitupu; kisha mkimbizeni hospitali pamoja na chupa au karatasi ya dawa ile. Huko atropini ile ile, ambayo kwetu ilikuwa hatari, huweza kumwokoa, kwa kuwa hupigwa kwa sindano na watu wanaojua.

Nne, kichaa cha mbwa. Mtu aliyeumwa na mbwa, hata kama ni wiki au miezi iliyopita, akianza kujaa mate na kuogopa maji, ugonjwa umekwisha kufika ubongoni, na ni nadra mno mtu kupona. Kwa hiyo msingoje dalili. Siku ile ile ya kuumwa osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni muda wa dakika 15, kisha nendeni mkapate chanjo.

KABLA YA DAWA

Daktari alituambia kwamba dawa ya kukausha si mlango wa kwanza. Mlango wa kwanza ni mambo madogo ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya.

Mgonjwa aketi wima, kichwa kisiinamie kifuani. Akila, ale polepole, ameze tonge moja kabla ya kutia jingine. Kinywa kisafishwe asubuhi na jioni, hata kama meno yamebaki machache, maana mate yaingiayo mapafuni yakiwa na uchafu mwingi huleta homa upesi zaidi. Meno mabovu yatibiwe. Alale kwa ubavu, au kichwa kikiwa kimeinuliwa.

Akumbushwe kumeza. Kwa mgonjwa wa Parkinson jambo hili lafaa kuliko watu wanavyodhani, maana koo bado laweza kumeza, ila limesahau saa yake. Ubani wa kutafuna, ule ambao watoto huuita bigijii, huwasaidia baadhi yao, kwa kuwa atafunaye humeza. Lakini asipewe mtu akabwaye na chakula, wala mtu ambaye akili yake imepotea, asije akakwamwa. Palipo na mtaalamu wa kufundisha kumeza na kusema, mgonjwa apelekwe kwake. Na kama amepewa levodopa, azinywe kwa saa zake bila kuruka. Kwa wengine misuli ikilegea, kumeza nako hupata nafuu.

DAWA ZENYEWE

Sasa tuseme habari za dawa. Ili kuzielewa, fikirini hivi: mshipa wa fahamu utakapo tezi itoe mate, hutuma mjumbe, naye huitwa asetilikolini. Mjumbe hubisha hodi mlangoni pa tezi, na mate hutoka. Dawa nyingi za kukausha mate husimama mlangoni zikamzuia mjumbe asiingie. Lakini mjumbe huyo huyo hutumwa kwenye kibofu, utumbo, macho, moyo na ubongo. Dawa haijui mlango mmoja tu. Ifungapo ule wa tezi, huweza kufunga na mingine. Ndiyo maana mwalimu wetu mate yalimkauka, na mkojo ukafungwa, na akili ikavurugika, yote kwa dawa moja.

Atropini. Matone haya yalitengenezwa kwa ajili ya macho, lakini madaktari huweza kuagiza tone 1 au 2 chini ya ulimi kwa watu wengine. Uzuri wake ni kwamba bei si kubwa na hupatikana. Ubaya wake ni kwamba hupita upesi hata damuni na kufika ubongoni, na kupima tone kwa mkono unaotetemeka ni kazi.

Glaikopironiamu. Hii humezwa, na hufanya kazi ile ile, ila haiingii ubongoni kwa wepesi. Kwa hiyo wazee wengi huivumilia vizuri zaidi. Hata hivyo haiuachi utumbo wala kibofu: choo kigumu na mkojo mzito ni malalamiko yake ya kawaida. Wala haipatikani katika kila duka.

Hayosini. Huja kama kiraka kidogo kibandikwacho nyuma ya sikio, nacho hukaa siku 3. Ashikaye kiraka anawe mikono, maana akijigusa jicho mboni hutanuka na macho hayaoni vizuri. Dawa hii huingia ubongoni, hivyo wazee huweza kusinzia au kuchanganyikiwa. Tena majina yasiwadanganye: vile vidonge vya msokoto wa tumbo, hayosini butilibromaidi, si dawa hii, vikimezwa hufanya kazi yake hasa tumboni.

Benziheksoli na amitriptilini. Hizi zimo katika vituo vingi, moja kwa ajili ya kukaza kwa misuli, nyingine kwa ajili ya huzuni kubwa na maumivu ya mishipa. Zote mbili hukausha kinywa, na daktari huweza kuzichagua kwa mgonjwa aliye na haja nazo kwa sababu nyingine pia. Mzee mwenye kusahausahau aweza kuharibikiwa nazo.

Sindano ya botulinamu. Hii ni tofauti. Ni sumu ya kijidudu, iliyopimwa kwa kiasi kidogo mno, ambayo hupigwa ndani ya tezi zenyewe, zile za mbele ya sikio na za chini ya taya. Humzuia mjumbe asitoke katika mshipa, na kwa kuwa imetiwa mahali pamoja, haisumbui sana milango mingine ya mwili. Nafuu huanza baada ya siku kadhaa, hudumu miezi kama 3, kisha sindano hurudiwa. Nchini Marekani namna moja ya dawa hii ilikubaliwa rasmi kwa udenda wa watu wazima mwaka 2018, na namna ya pili mwaka 2019. Hatari yake ni kinywa kukauka, na kumeza kuzidi kuwa kugumu kama imeenea hata kwenye misuli ya jirani. Kwa hiyo yataka mkono wa mtaalamu. Na bei yake si ya kila nyumba.

Palipo na shida kubwa isiyoshindwa na haya, wako wanaotibiwa kwa mionzi au kwa kupasuliwa tezi. Lakini hayo ni ya wachache.

Wala pasiwe na mtu atakayesema, "Dawa za dukani ni ghali, nitatumia majani." Uko mmea wa maua meupe marefu kama tarumbeta, na tunda lake lina miiba, pwani wako wauitao mnanaha. Ndani yake mna atropini na hayosini, lakini hakuna ajuaye jani moja lina kiasi gani. Jani la leo laweza kuwa dhaifu, na la kesho likaua.

NANI AJIHADHARI

Dawa hizi za kufunga mlango zaweza kumdhuru mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba, ambaye mkojo wake hutoka kwa shida. Mtu mwenye glakoma, yaani ugonjwa wa jicho lenye shinikizo. Mtu mwenye choo kigumu sana, na hasa atumiaye klozapini, kwa kuwa utumbo wake waweza kusimama kabisa. Mtu mwenye moyo uendao mbio. Na mzee aliyeanza kusahau. Tena hupunguza jasho, basi mgonjwa aweza kupandwa na joto akishinda juani. Na kwa yule ambaye makohozi yake ni mazito na kifua hakina nguvu, kukausha zaidi huyafanya yakae kama gundi asiweze kuyatoa.

Kwa hiyo, mama mpenzi uliyetuandikia, jibu letu ni hili: usimtie hata tone moja hata uwe umekwenda naye hospitali. Uchukue pamoja nawe dawa zake zote, na za kienyeji pia, zitie katika mfuko mmoja. Mweleze daktari udenda ulianza lini; kama ni mchana, usiku au vyote; kama anakohoa akila; kama mkojo na choo hupatikana vizuri; na kama ameanza kusahau au kuona vitu visivyokuwapo. Ukipewa dawa, uliza kipimo kwa hesabu, si kwa neno "kidogo". Uliza dalili gani ikitokea uisimamishe. Na uliza siku ya kurudi. Akishindwa kukojoa, au akianza kupayuka, usitoe dawa nyingine: mrudishe hospitali siku ile ile.

HABARI ZA MWALIMU WETU

Huenda mwataka kujua yaliyompata mzee wetu. Daktari alikuta tezi dume imevimba, akasema dawa za kufunga mlango hazimfai tena. Alipanga upya saa za levodopa yake, na meno 2 mabovu yakang'olewa. Akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya rufaa kwa ajili ya sindano. Wanawe walikutana, wakachanga, nasi tukatia fungu letu, maana tulikuwa na deni. Sindano ile ilimsaidia. Udenda ulipungua karibu nusu, na wiki nyingi shati lake lilikaa kavu. Mwezi wa nne nguvu yake ikaisha. Fedha ya sindano ya pili haijapatikana bado.

Basi hajapona. Twaliandika hili waziwazi, kwa kuwa si vema kuwaahidi watu dawa isiyokuwapo. Lakini hali si kama ile ya kwanza. Mkwewe alinunua kitambaa cheupe, kile kile cha mashati yake, akamshonea leso 12. Sita huwa mfukoni na mezani, sita huwa kambani zikikauka. Chumba cha kulia peke yake kimefungwa. Mjukuu wake mdogo huketi karibu naye wakati wa chakula, na kazi yake ni kumkumbusha kila mara, "Babu, meza." Siku moja tulikuwapo, mzee akamgeukia kwa ule uso wake usiocheka, akamwuliza: "Meza, jina au kitendo?" Mtoto akafikiri, akajibu, "Kitendo, Babu." Mzee akameza, akasema, "Vema. Keti."

Nao watoto wa nyumba ile hawacheki tena udenda, maana wameelezwa asili yake. Tumeona kwamba mtoto aelezwaye hucheka kidogo kuliko mtoto akaripiwaye. Jumapili mzee huja, huketi ubao wa nyuma karibu na mlango, leso mkononi. Na watu wamezoea.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima, tutarudi kwenye visima vyetu. Mwenye swali na atuandikie, nasi tutauliza kwa wajuao kabla ya kujibu. Kwaherini.